Tofali la Mkaguzi

Siku ya nne kobe hakula, na siku hiyohiyo baba mkwe wangu alirudisha sahani kama ilivyokwenda. Viazi vimekaa, maharage yamekaa, kijiko kimelala pembeni kikavu. Nilisimama nayo mlangoni pa jikoni, nikajisemea: sasa hapa nina wagonjwa wawili, mmoja ana gamba na mwingine hana, na wote wawili hawasemi wanaumwa nini.

Mimi ni dobi, nafulia nyumbani. Uani kwangu kuna kamba tatu, mabeseni manne, na jua la kuanzia saa nne mpaka saa nane, maana baada ya hapo ukuta wa jirani unalimeza lote. Maisha yangu yanapangwa na hilo jua. Naletewa mashuka ya nyumba ya wageni, vitambaa vya meza, makoti ya daktari wa meno ambaye ukimrudishia koti lina doa anakuita kwa jina la ukoo. Sina masihara na uchafu. Nguo ya rangi, hata kama mwenyewe anaapa kwamba haina neno, haigusi maji yangu kabla sijaibana kwa kitambaa cheupe chenye unyevu nione kama inachuja rangi. Mume wangu anasema siku nitakayofika mbinguni nitaanza kwa kuwauliza malaika kanzu zile kazisuuza nani.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, anatoka wiki tatu anarudi siku nne. Kwa hiyo baba yake alipohamia kwetu, miezi mitano iliyopita, baada ya mama mkwe kufariki, kusema kweli alihamia kwangu. Mzee mmoja mrefu, kiganja kama sahani, fundi mstaafu wa mitaro ya manispaa. Zamani kwake alikuwa mtani hasa. Tukienda kuwasalimia, nikisaidia kupika, alikuwa anaonja kijiko kimoja halafu ananitazama kwa huzuni ya uongo: "Mwanangu, mchuzi huu umeupika au umeuloweka?" Mama mkwe anamfukuza na mwiko, sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Alipoingia kwangu utani ulikauka. Miezi mitano hajaniomba hata chumvi. Ukimpa kitu anapokea kwa mikono miwili, "Ahsante mwanangu," basi. Nilidhani ni msiba. Watu walinishauri nimwache, msiba una muda wake, nikamwacha.

Kobe alikuja mwezi wa nne tangu baba ahamie. Alikuwa katika matembezi yake ya asubuhi, akapita mahali vibarua wanazibua mtaro, na fundi wa mitaro hawezi kupita mtaro bila kuchungulia. Koleo lilikuwa limempiga kobe wa maji, limemmegua ukingo wa gamba, na walikuwa wanataka kumtupa pamoja na matope. Baba akavua kofia, akamtia ndani, akaja naye.

"Mwanangu," akaniambia akiwa bado amesimama getini, "nina mwenzangu hapa. Anaweza kukaa siku mbili tatu?"

Nikachungulia kwenye kofia. Kiumbe kikakunja shingo upande kama mtu aliyenunishwa, kikatoa harufu ambayo sijapata kuisikia hata kwenye soksi za mume wangu.

"Baba, huyu mwenzako hajaoga tangu azaliwe."

Akacheka. Akacheka kweli, kichwa nyuma, meno nje. Kwa ajili ya kile kicheko nilitoa beseni langu la tatu, la mablanketi, ambalo hata dada yangu wa damu akiazima namnyima.

Jina la Mkaguzi nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa akitoa shingo na kuwatazama watu mmoja mmoja kama anatafuta kosa. Baba hakulitumia. Yeye alimwita mwenzangu tu. "Mwenzangu ameamka." "Mwenzangu leo amekula minyoo sita." Alikuwa anaamka mapema kumchimbia minyoo nyuma ya ukuta. Akaokota tofali mahali, akaliweka ndani ya beseni, na Mkaguzi akawa analipanda, ananyoosha shingo na miguu ya nyuma, anatulia pale juani kama mtu aliyelipia. Baba anaketi kwenye kigoda pembeni yake. Basi hao ndio wakawa wawili, katikati ya uani, saa nne asubuhi, palepale inapopita kamba yangu ya kati.

Mashuka ya nyumba ya wageni yanachuruzika. Nikaona si vizuri yamchuruzikie mzee kichwani, nikalisogeza beseni kibarazani, kivulini. Nikasogeza na kigoda. Nikajiona nina adabu sana.

Halafu tofali. Kila asubuhi maji yalikuwa mekundu. Mtu mwingine angesema ni tofali tu, lakini mimi maji yenye rangi ndani ya beseni langu yananinyima usingizi. Nikalitoa nikalisugua, nikalirudisha. Kesho yake maji mekundu tena. Nikalibana na kitambaa cheupe, naapa, kikatoka na doa kama la damu. Kitu kinachochuja rangi hakikai majini mwangu. Nikalitoa, nikaliweka getini karibu na pipa la taka. Tangu hapo nikawa nabadilisha maji mwenyewe kila siku, nasugua beseni kwa dawa ya madoa, na nikimaliza naongeza matone mawili kwenye maji ya kobe ili yasivunde. Yalikuwa maji meupe ya kutunga sindano ndani yake. Baba alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda.

Wiki mbili baadaye gamba la Mkaguzi likaanza kutoa mabaka meupe. Ukiligusa penye baka, kidole kinabonyea. Macho yakavimba. Harufu nayo ilibadilika, haikuwa tena ile ya hasira. Ilikuwa ya kitu kinachooza. Nikaongeza dawa. Akaacha kula. Na baba naye, ambaye siku hizo alikuwa akila vijiko vitano vya heshima, akashuka hadi viwili, hadi siku ile sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Mama mkwe alianza hivyohivyo, kwa kurudisha sahani. Tulisema ni uzee, tukasema ni joto. Miezi miwili tu, tukamzika.

Mume wangu akapiga simu mchana. "Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Anakula?"

Nikatazama sahani. "Anakula."

"Mke wangu, nakushukuru. Huku njiani moyo wangu umetulia kwa sababu najua yuko na wewe."

Nilikata simu nikakaa juu ya rundo la mashuka machafu. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini siku ile hasira haikuja. Ilikuja hofu, na ikakaa. Kobe akifa, mzee anakwenda naye. Niliamini hivyo kama ninavyoamini jua linazama. Kwa nini nyumba nzima isimame juu ya mgongo wa mnyama asiyezidi kiatu, sijui, lakini ndipo iliposimama.

Nikatenga nguo, mikono ipate cha kufanya. Nyeupe huku, za rangi huku. Nikagundua kapuni hamna shati hata moja la baba. Nikahesabu siku, wiki nzima. Nikajijibu kwamba mtu anayeshinda amelala hachafui nguo, nikaendelea.

Kesho yake nilimtia Mkaguzi kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, nikamwambia baba ninampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Tunakwenda wote," akasema.

"Baba, hujala."

"Miguu haili."

Ni mwendo wa dakika kumi na tano. Sisi tulitumia saa nzima. Alikuwa anasimama kila baada ya nguzo tatu, anashika ukuta, anajifanya anatazama mtaro. Mimi nashika ndoo mkono huu, mkono mwingine nauweka karibu na kiwiko chake bila kumgusa, maana ukimgusa atakasirika, usipomgusa ataanguka. Jikaze kisabuni, nilijiambia, na sabuni yenyewe najua inavyoisha.

Daktari alikuwa mwanamama mfupi mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na ng'ombe. Akamgeuza Mkaguzi, akabonyeza gamba, akanusa.

"Gamba linaoza. Mnamweka wapi?"

"Kwenye beseni la maji," nikasema. "Masafi. Nabadilisha kila siku."

"Maji mnayatia kitu?"

"Matone mawili tu ya dawa ya madoa."

Akavua miwani. "Dada, huyu unamfuga au unamfua?"

Nikaona uso unawaka. Kwa kawaida mtu akinijibu hivyo hanijibu tena, lakini siku ile nilishika mpini wa ndoo tu.

"Na pa kupanda?" akauliza. "Pakavu. Kobe wa maji si samaki, lazima atoke majini ajianike juani mpaka gamba likauke lote, kila siku. Wewe ni dobi, mikono yako inasema. Shuka ukiliacha limeloa kwenye beseni wiki mbili linakuwaje?"

"Linavunda," nikasema.

"Basi ndiyo huyu. Hana pa kupanda?"

Nilifungua mdomo. Tofali lilinijia lote, na wekundu wake, na lile doa kwenye kitambaa. Kabla sijapata neno la kwanza, baba alisema:

"Hana, daktari. Mimi ndiye niliyemleta, sikumwekea. Kosa ni langu."

Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha macho, anachezea ukingo wa kofia yake. Daktari akaanza kutuelekeza. Asafishwe kwa dawa aliyotupa, apakwe mafuta yake. Akae pakavu mchana kutwa, juani, na kivuli kidogo cha kukimbilia, ila nusu saa tu asubuhi na jioni awekwe kwenye maji ya kina kifupi anywe na ale. Maji ya bomba yalale kwanza siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, lakini masikio yangu yalikuwa bado kwenye lile neno, kosa ni langu.

"Atapona?" baba akauliza.

"Akila, atapona. Asipokula ndani ya wiki hii, mzee wangu, sitaki kukudanganya."

Tulirudi kwa mwendo uleule wa nguzo tatu tatu. Nyumbani baba akaketi kibarazani kwenye kigoda, akipumua kwa mdomo, na mimi nikaingia chumbani kwake kutafuta taulo kuukuu la kumlalishia Mkaguzi. Chumba hicho nilikuwa siingii. Niliona ni heshima.

Mashati yake yalikuwa yametundikwa kwenye misumari nyuma ya mlango. Manne. Ameyafua mwenyewe, kwa sabuni ya kuogea, chumbani, kisha akayatundika humohumo gizani ili yasinimalizie kamba. Hayakuwa yamekauka vizuri. Yalikuwa yananuka uvundo, mashati ya baba mkwe wa dobi. Na chini ya kitanda begi lake, lile alilokuja nalo, limefungwa zipu na limesimama kama liko stendi.

Nilitoka na shati moja mkononi. "Baba, hii nini?"

"Nilifua kidogo tu."

"Na begi?"

Akaigeuza kofia yake. Nikapiga magoti chini mbele yake.

"Baba, kwa nini umejitwika kosa langu kwa daktari? Tofali uliliweka wewe. Mimi ndiye niliyelitoa. Uliniona."

"Nilikuona."

"Mbona hukuniambia? Neno moja tu, baba! Mwenzako anaoza, unanitazama?"

"Nyumba ni yako, mwanangu." Alisema polepole, bila hasira, na hicho ndicho kilichoniuma. "Kwanza ulitusogeza kivulini. Nikasema sawa, ana kazi zake. Halafu ukalitoa tofali, ukaliweka kwenye taka. Akufukuzaye hakuambii toka. Nikajua ameanza na mwenzangu, mimi nafuata. Nikaona nisile sana, nisichafue sana, mpaka mwanangu arudi safari, nimuombe anipeleke kwa dada yangu. Ila huyu sikujua nimpeleke wapi."

Nililia. Sitasema machozi yalinilengalenga, nililia kwa sauti na makamasi, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nilimwambia baba kila kitu, kuhusu kitambaa cheupe, kuhusu rangi, kwamba mimi ni mjinga wa maji meupe, kwamba sikuwahi hata siku moja kumuona ni mzigo, kwamba tofali lilikuwa tofali tu. "Nisamehe, baba. Ningetaka uondoke ningekwambia. Mimi na mdomo huu, ningeshindwa?"

Hapo alinitazama, akafikiri. "Hilo kweli," akasema.

Lakini maneno hayashibishi. Jioni ile alikula vijiko vitatu, kwa kunionea huruma, na Mkaguzi hakugusa kitu.

Asubuhi nilipanda kigodani nikafungua kamba ya kati. Ilikuwa pale tangu niolewe. Fundo lilikuwa limekazana mpaka nikatumia meno. Nikalichukua tofali getini, nikaliweka katikati ya uani juu ya taulo, na Mkaguzi juu yake, na kigoda pembeni. Nyumba ya wageni niliwapigia simu nikawaambia mashuka yatachelewa siku moja, wakanung'unika, nikawaambia wanung'unike. Shati la baba nililifua upya kwa mikono yangu nikalianika mbele yake, juani, aone.

Siku ya kwanza kobe hakula. Siku ya pili nilimpaka dawa, akanikunjia shingo. Nilishukuru hata kwa huko kununa kwake. Hakula. Baba alikuwa akiketi naye kuanzia saa nne mpaka saa nane, uso juani, macho yamefumbwa wote wawili, na mimi napita na mabeseni pembeni, nahesabu pumzi zao. Sahani ya baba ilikuwa inarudi nusu. Nusu si kidogo, nusu si nyingi. Bado alikuwa akipokea kwa mikono miwili. Bado ahsante mwanangu. Na begi, nilichungulia, bado lilikuwa limesimama.

Siku ya tatu mume wangu alipiga simu nikamwambia ukweli wote. Nikasikia lori linanguruma. "Namaliza kushusha mzigo Jumamosi," akasema. Mpaka Jumamosi zilibaki siku tatu.

Siku ya tano, asubuhi, tulimteremsha Mkaguzi kwenye maji yaliyolala, ya kina cha kidole. Baba akamdondoshea mnyoo mmoja. Mnyoo ukajinyonganyonga. Kobe akautazama kwa lile jicho lake la ukaguzi, uvimbe ulikuwa umepungua, akageuza kichwa upande. Nikafumba macho. Nilikuwa nimechoka kutazama vitu vikikataliwa.

Nikasikia maji yakichapwa. Nilipofumbua, nusu ya mnyoo ilikuwa inaning'inia kwenye taya lake, naye anaivuta ndani kwa miguu ya mbele, bila adabu yoyote, kama mtu aliyefunga mwezi. Baba akadondosha wa pili. Ukaenda. Wa tatu ukaenda. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia tena.

Baba alikuwa ameushika ukingo wa beseni kwa mikono miwili.

Nikakimbilia jikoni kumpikia chai, nikamwaga majani, nikaokota niliyookota, nikamimina, nikamletea. Akapokea kikombe kwa mkono mmoja, macho bado kwa kobe. Akanywa. Akasimama hapohapo. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi; nikajua sasa anakirudisha.

Akakirudisha.

"Mwanangu," akasema, kwa ile huzuni ya uongo ambayo sikuiona miezi mitano, "hii ni chai, au maji uliyosuuzia mashuka?"

Nilimnyang'anya kikombe, nikarudi jikoni nikiwa sioni vizuri mbele, nikabandika maji upya. Kutoka uani sauti yake ilinifuata, kubwa, ya mwenye nyumba:

"Na safari hii hayo majani uyaache ndani yachuje rangi!"